Jiko la nyama choma kwenye deki ya mbao: namna ya kulijenga bila kuhatarisha nyumba

Nimeitwa tena na tena kuangalia majiko yaliyojengwa juu ya deki za mbao (sakafu za mbao zilizonyanyuliwa nje ya nyumba) hapa Dodoma, na kosa ni lile lile. Jiko limekalishwa juu ya mbao, chini yake kumewekwa bati au zege la inchi nne, na mwenye nyumba anaamini kwamba kwa kuwa zege haliungui, mbao ziko salama.

La mwisho lilikuwa Ilazo. Familia ilichoma mbuzi Jumamosi, wakalala vizuri, asubuhi wakasikia harufu kama ya ugali ulioungua. Hakukuwa na moshi wa kuonekana. Tulipobomoa tofali na kunyanyua zege, ubao wa chini ulikuwa mweusi tii kwa upana wa sinia. Niliuchoma kwa bisibisi ikazama hadi kwenye mpini bila kusukumwa. Pembeni, karibu na boriti, kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba unaotembea taratibu. Ule moto ulikuwa umekaa usiku kucha chini ya miguu yao.

Zege haliungui, lakini linapitisha joto. Tofali nalo linapitisha. Yanachelewesha tu, na choma ya saa nne au tano inatosha joto kufika chini. Mbao kavu kwa kawaida huwaka joto likizidi nyuzi 250 hivi, lakini mbao inayopashwa mara kwa mara kwa miezi hugeuka kidogo kidogo kuwa mkaa, na ikishafika hapo hushika moto kwa joto la chini zaidi. Ndiyo maana jiko linaweza kukuhudumia miaka miwili bila tatizo, halafu mwaka wa tatu likakuchomea nyumba.

Dawa yake ni kuacha kabisa kulijenga jiko juu ya deki. Unaitoboa deki, unajenga kisiwa cha zege na tofali kinachotoka ardhini, jiko linakaa juu ya kisiwa hicho, na mbao zinakizunguka bila kukigusa. Kila hatua hapa chini inalinda hilo.

## Vifaa

Vipimo hivi ni vya jiko la upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 80, juu ya kisiwa cha sentimita 160 kwa 160, kwenye deki iliyonyanyuka kama sentimita 60.

- Saruji mifuko 7, mchanga, na kokoto.
- Nondo 3 za milimita 10.
- Tofali za saruji za inchi 6, kama 40, za kuta za kisiwa.
- Tofali za udongo za kuchoma, kama 200. Chagua zilizoiva: gonga mbili, zikilia kama chuma ni nzuri, zikitoa sauti ya gome ziache.
- Tofali za kuhimili moto, kama 60, za kuzungushia ndani. Ni ghali. Ukizikosa, tumia tofali za kuchoma zilizoiva kuliko zote, ukijua kwamba baada ya muda utazibadilisha.
- Udongo wa kichuguu ndoo 6, uliochekechwa.
- Wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, yasiyozidi milimita 3.
- Mbao za mbili kwa sita za kuimarishia fremu, pamoja na bolti.
- Wavu wa kuchomea wa chuma cheusi au chuma kisichoshika kutu.
- Kizimamoto cha unga mkavu cha kilo 6, ndoo mbili za mchanga, na ndoo ya bati yenye mfuniko.

Vifaa vya mstari wa mwisho vinunuliwe kwanza. Watu huviacha mpaka mwisho, hela inakwisha, na jiko linawashwa hivyo hivyo.

Usinunue bati la kuezekea wala wavu wa seng'enge uliopakwa zinki kwa matumizi ya ndani ya moto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na mkaa unaopulizwa na upepo wetu unapita hapo bila shida. Moshi wake humletea mtu homa na kifua kubana.

## Hatua ya 1: Soma upepo kabla ya kuchagua mahali

Dodoma ni nchi ya upepo, na kuanzia Juni mpaka Oktoba unavuma hasa, wakati ambao kila kitu kimekauka. Kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki au kusini mashariki, lakini kiwanja chako kinaweza kuwa na tabia yake, kwa sababu ya mlima ulio karibu au ukuta wa jirani.

Funga kitambaa chepesi kwenye mti wa mita mbili pale unapotaka jiko. Kiangalie siku tano, hasa kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, muda ambao watu wanachoma. Jiko likae upande ambao cheche zinapeperuka kutoka nyumbani kwako, na pia kutoka kwa jirani.

Liwe mita 3 kutoka ukutani na kutoka chini ya paa lolote. Chini ya makuti au nyasi usijenge kabisa. Neti ya kivuli ni plastiki: huyeyuka na kudondokea watu ikiwa inawaka.

Mahali pakiwa sahihi, ukisimama pale jioni ya upepo na kutupa konzi la majani makavu hewani, yanaangukia uwanjani. Yakiangukia kwenye mlango wa sebule, sogeza jiko.

## Hatua ya 2: Kata deki, lakini itegemeze kwanza

Tundu la deki liwe sentimita 164 kwa 164, ili kisiwa chako kiachane na mbao kwa sentimita 2 kila upande.

Kabla ya msumeno kugusa kitu, ingia chini ya deki na uhesabu maboriti yatakayokatwa. Kila moja litabaki na ncha inayoning'inia. Simamisha nguzo za muda, kisha kata, kisha funga fremu ya mbili kwa sita zilizounganishwa mbili mbili kuzunguka tundu lote, kwa bolti. Misumari pekee haitoshi hapa, maana mbao zetu hulegea wakati wa kiangazi. Pembe nne za fremu zikalie nguzo za kudumu.

Deki iliyokatwa vizuri haitingishiki watu wanne wakisimama ukingoni mwa tundu.

Sasa onyo ambalo limewaponza mafundi wengi. Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali, usiyachome, na usithubutu kuyawashia jiko. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Inabaki kwenye majivu na kwenye moshi unaopita katikati ya nyama yako. Yapeleke dampo.

## Hatua ya 3: Msingi wa kisiwa

Tofali moja la kuchoma lina karibu kilo 3. Tofali 200, jumlisha za moto na zege la sakafu, unakaribia tani moja. Uzito huo ukiuweka juu ya maboriti ya paini, yatapinda hata kabla ya moto kuanza.

Chimba sentimita 40 chini, au zaidi mpaka ufikie udongo mgumu. Kama kiwanja chako kina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, utoe wote na ujaze changarawe iliyoshindiliwa. Usipofanya hivyo, kisiwa kitanyanyuka na kushuka kila mwaka, ule mwanya wa sentimita 2 utapotea upande mmoja, na tofali litaegemea mbao.

Mwaga zege la sentimita 15, kipimo cha moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), nondo zikiwa zimefumwa kila sentimita 20. Limwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 na ulifunike kwa magunia mabichi. Upepo wa hapa unanyonya maji ya zege haraka kuliko wa Dar es Salaam au Tanga, na zege lililokauka kabla ya kukomaa hupasuka.

## Hatua ya 4: Inua kisiwa hadi usawa wa deki

Jenga kuta nne kwa tofali za saruji, jaza katikati mawe na changarawe, shindilia, kisha funika kwa zege la sentimita 8. Uso wake uwe sawa na mbao ili watu wasijikwae wakiwa wamebeba sinia.

Kwenye uso huu, jiko litakaa likiwa limebakiza sentimita 20 nyuma na pembeni, na sentimita 60 mbele. Kanuni za ujenzi za Marekani kwa meko ya ndani ya nyumba hudai sakafu isiyoungua ya angalau sentimita 40 mbele na 20 pembeni. Mimi naongeza mbele kwa sababu jiko la choma liko wazi, mtu anageuza nyama, anakoroga mkaa, na kaa moja huruka kila baada ya muda. Nimepima kwa macho yangu: makaa mengi yanayodondoka huangukia kati ya miguu ya mchomaji. Pale alipo mchomaji ndipo penye hatari, na pawe zege.

Kazi imekaa sawa ikiwa unaweza kupitisha kipande cha nondo kwenye mwanya kuzunguka kisiwa chote bila kukwama. Kikikwama, kuna chokaa au saruji iliyomwagikia huko. Ichokonoe yote.

## Hatua ya 5: Funga mwanya kwa wavu, usiuzibe

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibiwa siku ya mwisho. Fundi seremala anaona mwanya, anaona haupendezi, anauziba kwa kipande cha ubao. Mwingine anajaza povu la kopo, ambalo linawaka. Mwanya huo ndio unaopoza mbao, hewa ipite.

Chukua wavu wa matundu madogo, ukate vipande vya sentimita 8, uupigilie chini ya mbao upande mmoja tu, na upande wa pili uegemee tu ukuta wa kisiwa bila kupigiliwa. Hewa inapita, kaa halipiti.

Halafu ingia chini ya deki. Cheche inayopita kwenye nafasi za mbao haiwashi deki kutoka juu. Inaangukia majani makavu, karatasi, vumbi la randa lililoachwa na fundi, na moto unapanda ukitokea chini, mahali ambapo hakuna anayeuona. Mbao zilizopigwa mwezi wa Februari zikiwa na unyevu huachana sana ifikapo Septemba. Mahali palipokuwa na nafasi ya kupitisha kadi ya simu, sasa kidole kinaingia.

Kwa hiyo fagia chini kote, tandaza kokoto unene wa sentimita 5, na uzungushie wavu ule ule kwenye uwazi wa pembeni ili upepo usirudishe takataka. Weka mlango mdogo wa kuingilia, kwa sababu utarudi huko kila mwaka.

## Hatua ya 6: Jiko lenyewe

Jenga miguu ya jiko kwa tofali za kuchoma kwa umbo la U, kimo cha sentimita 70. Juu yake weka bamba la zege la sentimita 10 lenye nondo. Juu ya bamba, mchanga mkavu sentimita 4, kisha panga tofali za moto juu ya mchanga bila saruji. Mchanga unapunguza joto linaloshuka na unaziachia tofali nafasi ya kutanuka.

Kuta za moto zipande sentimita 35 hadi 40. Ndani tofali za moto, nje tofali za kuchoma, katikati acha sentimita moja ujaze majivu makavu. Ukizibana pamoja, za ndani zitatanuka na kuzipasua za nje.

Kuunganishia ndani tumia udongo wa kichuguu na mchanga laini, maungio membamba yasiyozidi milimita 5. Saruji ya kawaida haivumilii moto wa karibu. Inageuka unga, tofali zinalegea, na siku moja ukuta unaangukia miguu ya mtu ukiwa na mkaa wote. Kwa sababu hiyo hiyo tofali za saruji zisikae ndani ya moto.

Wengi hapa wanapenda kupamba kwa mawe ya milimani. Ni mazuri, weka nje tu. Jiwe lenye unyevu ndani likipashwa ghafla hupasuka na kurusha vipande.

Uwazi wa chini ya bamba usiwe stoo ya mtungi wa gesi, mafuta ya taa au gunia la mkaa. Bamba hilo nalo linapata joto.

Kama ukingo wa deki ni wa mbao na uko chini ya mita moja kutoka kwenye moto, ubadilishe sehemu hiyo kwa bomba za chuma. Ukishindwa, weka ngao ya bati, lakini sikiliza namna ya kuiweka: bati lililopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao halisaidii kitu, linakuwa kikaango cha kukaangia mbao. Lisimamishe sentimita 2.5 mbele ya mbao kwa vipande vya bomba la chuma, na uache wazi juu na chini ili hewa moto itoke na baridi iingie.

Acha jiko likauke wiki mbili. Kisha washa moto mdogo wa saa moja, kesho yake wa saa mbili, keshokutwa mkubwa kidogo. Ukiona mvuke unatoka kwenye maungio, subiri siku nyingine mbili.

## Hatua ya 7: Jaribio la mshumaa

Usiamini kazi ya fundi yeyote, na yangu ikiwemo, kabla ya jaribio hili.

Lifanye jioni, jua likishazama na mbao zimepoa, maana jua la Oktoba peke yake linazipasha mbao vibaya. Dondosha matone ya mshumaa kwenye mbao zilizo karibu zaidi na jiko: mbele, nyuma, pembeni, kwenye ukingo, na kwenye boriti la fremu kule chini. Yaache yagande. Halafu jaza mkaa kama unavyojaza siku ya sherehe, uwashe, uuendeleze kwa saa 4.

Nta ya mshumaa wa kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 60 hivi. Zunguka na tochi kila saa, na mara ya mwisho saa moja baada ya moto kuisha, kwa sababu tofali huendelea kutoa joto.

Matone yakibaki meupe na magumu, jiko liko salama kwa mbao. Tone likilainika au kuwa kama maji mahali fulani, pale pana kasoro: ama pamegusana, ama mwanya umezibwa, ama ngao haina hewa. Rekebisha na ujaribu upya. Usijiambie kwamba ni tone moja tu.

## Siku ya kuchoma

Usiwashe kwa petroli. Mafuta ya taa usiyaongeze kwenye mkaa ambao umeshashika, hata kama unaonekana umezimika. Matawi makavu ya mizabibu yanawasha vizuri, lakini majivu yake mepesi yanaruka na moto ndani yake, hivyo upepo ukiwa mkali yaache.

Upepo ukikoleza mpaka viti vya plastiki vinasogea, ahirisha choma au pikia ndani kwa namna nyingine. Lakini jiko la mkaa lenyewe usiliingize ndani. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Mafuta ya nyama yakilipuka moto, usimwage maji. Maji yanarusha mafuta yanayowaka mpaka kwenye mbao. Ondoa nyama kwa koleo refu, funika kwa bati zito au mwagia mchanga.

Kizimamoto kitundikwe kwenye njia ya kutokea deki, si nyuma ya jiko ambako huwezi kufika kukiwa kunawaka. Mshale wake uwe kwenye kijani. Na usitegemee bomba. Maji ya mgao yanaweza yasiwepo siku hiyo, kwa hiyo pipa lijazwe kabla ya mkaa kuwashwa.

Moto ukishika mbao na kizimamoto kimoja hakijautosha, toa watu wote na piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usirudi kuokoa viti.

## Majivu

Nawaomba muisome sehemu hii mara mbili. Watu wanajenga vizuri, wanachoma vizuri, halafu usiku msichana wa kazi au kijana anaambiwa asafishe jiko, anazoa majivu kwenye ndoo ya plastiki na kuiacha hapo hapo kwenye mbao. Majivu ni blanketi. Kaa lililofunikwa linaweza kubaki hai zaidi ya saa 24, na upepo wa alfajiri unalifunua.

Usizoe majivu usiku ule. Yaache ndani ya jiko lenyewe mpaka kesho jioni, yakiwa yamefunikwa bati ili upepo usiyapate. Kisha yazoe kwa koleo la chuma kwenye ndoo ya bati, mwaga maji, koroga mpaka kusiwe na sauti ya kuchemka, funika, na uiweke ndoo kwenye udongo mtupu, mbali na deki, kwa siku 2 kamili kabla ya kumwaga shambani.

Mwelekeze kila mtu wa nyumbani, hasa yule anayefanya usafi, na umwonyeshe kwa vitendo.

## Ukaguzi wa Mei

Mvua zikiisha, kabla upepo haujaanza, ingia chini ya deki na tochi. Pitisha tena ile nondo kwenye mwanya kuzunguka kisiwa. Gusa mbao za fremu: ukikuta mahali palipogeuka kahawia iliyokoza kuliko pengine, au ubao unamomonyoka ukiukwaruza kwa kucha, simamisha jiko mpaka ujue joto linapitia wapi. Fagia majani. Badilisha wavu uliooza kwa kutu, na maungio ya udongo yaliyodondoka yajazwe upya. Kazi yote ni ya asubuhi moja.